Furere, Ng'ambo na Ng'ambo ya Rusizi

Tanzania wanamwita bruda. Huku Rusizi, Rwanda, na Bukavu unayoiona ukisimama Kamembe, ni furere. Si padri: hasomi misa wala haungamishi. Ni mtawa, na akiwa Mmarista, kazi yake ni kukaa na vijana darasani.

Shirika la Wamarista lilianza Januari 2, 1817, huko La Valla, Ufaransa. Padri Marcellin Champagnat aliwaweka vijana wawili, Jean-Marie Granjon na Jean-Baptiste Audras, katika nyumba ndogo. Walisali, walijifunza kusoma na kuandika, na muda uliobaki walifua misumari ili wapate pesa ya mkate. Walimu waliofua misumari! Ndani ya miaka michache padri huyohuyo alishika zana za mwashi, akajenga na mafurere wake nyumba ya Hermitage.

Kijana wa leo hapewi nyundo, lakini hapewi chaki mapema pia. Kwanza upostulanti, kisha unovisi wa miaka 2: sala, kimya, jembe, zamu ya jikoni, na kuvumilia wenzake ambao hakuwachagua. Hili la mwisho, nadhani, ndilo gumu kuliko yote. Ndipo huweka nadhiri za ufukara, useja na utii, kwanza za muda, miaka baadaye za daima. Masomo ya chuo hufuata. Wengi hupitia kituo cha Wamarista Nairobi. Kisha huenda kufundisha: nchini Rwanda, kwa mfano, shule yao ya Byimana ni ya mwaka 1952.

Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 wakimbizi Wanyarwanda walijaa ng'ambo ya mto Rusizi, upande wa Kongo. Katika kambi ya Nyamirangwe, Bugobe, Wamarista waliendesha shule. Kufikia 1996 walikuwapo wanne, wote Wahispania: Servando Mayor, Miguel Ángel Isla, Fernando de la Fuente na Julio Rodríguez. Vita vilipokaribia, wakimbizi walianza kuondoka. Mafurere wangeweza kuondoka pia, wakabaki. Oktoba 31 waliuawa. Tarehe hiyo mwaka 2026 inatimiza miaka 30.

Walizikwa Nyangezi, kusini mwa Bukavu. Barabara inayopita hapo ukiifuata inashuka hadi Kamanyola, na ukivuka mto hapo unaingia Bugarama: umerudi Rusizi.