Ryokan: Nyumba ya wageni penye maji moto ya bahari

RYOKAN ni nyumba ya wageni ya jadi nchini Japani. Nyingi za kifahari hujengwa penye chemchemi za maji moto, ziitwazo onsen. Sheria ya 1948 yataka maji hayo yawe na joto la nyuzi 25 au zaidi yatokapo ardhini, ama yawe na madini yaliyotajwa humo.

Mfano maarufu ni Wakura, katika rasi ya Noto, ambako maji ya chumvi hububujika kando ya ghuba ya Nanao. Chumvi hiyo hubaki kwenye ngozi na kuzuia joto lisitoke mwilini upesi.

Mgeni huvua viatu mlangoni, kisha hupewa yukata, vazi jepesi la pamba. Upande wa kushoto hulazwa juu ya wa kulia. Kinyume chake ni vazi la maiti. Kabla ya kuingia bwawani huoga kwa sabuni na kujisuuza, kwani maji ni ya wote. Huingia bila nguo, kwa kawaida wanaume mbali na wanawake.

Bei hutozwa kwa kila mtu, mara nyingi pamoja na kiamshakinywa na kaiseki, mlo wa jioni uletwao sahani baada ya sahani. Usiku, godoro hutandikwa juu ya mikeka ya tatami.

Januari 1, 2024, tetemeko la ardhi la kipimo cha 7.6 liliikumba Noto. Nyumba za Wakura zilifungwa, ikiwemo Kagaya, iliyoanzishwa 1906. Mji ulioishi kwa wageni ukapoteza riziki yake kwa siku moja.