Kadi za harusi kwa gharama nafuu: Mwongozo kwa wakazi wa Muhuru Bay

KADI ya harusi ni karatasi ndogo, lakini aghalabu ndiyo gharama ya kwanza inayowatoka maarusi, kabla hata ya ng'ombe wa karamu kuchaguliwa. Katika vijiji vya wavuvi vilivyo kandokando mwa Ziwa Victoria, kama vile Muhuru Bay katika Kaunti ya Migori, gharama hiyo hubisha hodi wakati ambapo shughuli za mahari zimekwisha kukausha mifuko ya pande zote mbili.

Jambo hili si dogo kama linavyodhaniwa. Wapo wachumba waliokwisha kutimiza desturi zote za wazee, wanaoishi pamoja na wana watoto, ila wameahirisha kwenda kanisani mwaka baada ya mwaka kwa kuwa wameambiwa kwamba harusi isiyo na kadi za kung'aa, keki na magari ni aibu. Sheria haiwadai hayo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 yataka watu waliotimiza umri wa miaka 18, hiari yao wenyewe, notisi, mashahidi wawili na usajili. Kadi haimo katika orodha hiyo. Kadi ni adabu ya kuwajulisha watu, na adabu haipimwi kwa bei ya karatasi.

Desturi ya mwaliko wa maandishi, kwa hakika, si ya kale katika eneo hili. Posa miongoni mwa Waluo ilikuwa na mjumbe wake, jagam, na habari za sherehe zilisafiri kwa miguu na kwa mitumbwi. Maandishi yalifika pamoja na misheni na shule. Waadventista wa Sabato walianzisha kituo chao Gendia, karibu na Kendu Bay, mnamo 1906 wakiongozwa na Arthur Carscallen, na kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia kuanza walikuwa na mtambo wa kupiga chapa papo hapo. Mtambo huo ndio uliokuja kukua ukawa Africa Herald Publishing House. Mtu wa Homa Bay au Migori anayechapisha kadi leo, basi, anafuata jambo lililoanza na vitabu vya kusomea vya Kiluo.

Tarehe kwanza, kadi baadaye

Kosa linalogharimu zaidi ni kuchapisha kadi kabla ya tarehe kuthibitishwa. Anayefunga ndoa mbele ya msajili wa serikali hutakiwa kutoa notisi ya maandishi ya siku zisizopungua 21. Makanisa mengi nayo hutangaza ndoa ibadani kwa majuma matatu ili mwenye pingamizi ajitokeze. Pingamizi likiwapo, au mchungaji akiwa na safari, kadi 200 zilizokwisha kuchapwa hugeuka karatasi za kuwashia jiko. Kwa Waadventista, ambao ni wengi katika Nyanza Kusini, Jumamosi ni siku ya ibada na harusi hazifungwi siku hiyo. Wengi wao huchagua Jumapili. Mgeni wa dhehebu jingine ambaye amezoea harusi za Jumamosi hataisoma siku hiyo kwa makini, kwa hivyo jina la siku liandikwe kwa herufi kubwa kuliko mapambo.

Tarehe ya Muhuru Bay pia ina mambo ya ziwa ndani yake. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na taa hizo hufanya kazi vyema giza linapotanda. Mbalamwezi inapokuwa kamili mapato hupungua. Isitoshe, uvuvi wa omena upande wa Kenya hufungwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai ili samaki wazaane. Mwenye harusi anayetegemea nyavu, au anayetarajia michango ya wanaozitegemea, asiagize kadi za Agosti kwa ahadi ya kuzilipia Juni. Afadhali malipo ya mpiga chapa yatengwe Machi, fedha zingalipo.

Desemba nayo ina shida zake. Watu wako nyumbani, shule zimefungwa na wanaofanya kazi Nairobi na Mombasa wamerejea, ila wapiga chapa huwa wamezama katika kalenda za mwaka mpya. Mwaka wa uchaguzi hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa mabango ya wagombea huitangulia kazi yoyote ya raia wa kawaida. Yapasa kuagiza mapema, au kujitengenezea.

Hesabu ni kwa nyumba, si kwa vichwa

Wengi huandika orodha ya wageni 300 kisha wakaagiza kadi 300. Hapo ndipo fedha hupotea. Kadi moja humtosha baba, mama na watoto wao. Nyumba ya watu watatu haihitaji kadi tatu. Wageni 300 wakigawanywa hivyo hubakia kama nyumba 100. Katika hizo, tuseme 40 ni za majirani, waumini wa kanisa moja na jamaa wa boma, ambao watasikia tangazo ibadani na kuambiwa ana kwa ana. Zinasalia 60. Ongeza kumi za akiba, kwa sababu daima yupo mjomba aliyesahauliwa, na jumla ni 70.

Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba mpiga chapa ataka shilingi 60 kwa kadi. Kadi 300 ni shilingi 18,000. Kadi 70 ni shilingi 4,200. Tofauti ya shilingi 13,800 imepatikana bila kupunguza mgeni hata mmoja. Ni vyema pia kumuuliza iwapo bei yake inajumuisha ushuru wa thamani, bahasha na kazi ya kusanifu. Mara nyingi bei inayotajwa mlangoni siyo inayolipwa wakati wa kutoka.

Hapa mpaka nao una usemi wake. Muhuru Bay imepakana na Wilaya ya Rorya katika Mkoa wa Mara, Tanzania, na jamaa wengi wana ndugu ng'ambo ile. Upande wa Tanzania, hasa mijini, imezoeleka kutuma kwanza kadi ya mchango, na mwaliko hufuata kwa aliyechanga, ukiwa umeandikwa kama ni wa mtu mmoja au wa wawili; mwenye kuusahau nyumbani huenda akasimamishwa mlangoni. Kenya kamati za harusi hukusanya fedha vilevile, ila milango ya karamu huwa wazi zaidi, na kijijini haijawahi kufungwa. Mkenya akipokea kadi ya mchango kutoka Musoma asidhani ametukanwa, na mgeni kutoka Shirati asiposikia habari za mchango asidhani karamu haitakuwapo. Maneno mawili ya ufafanuzi ndani ya bahasha huondoa kinyongo. Na pale penye mchango, sarafu itajwe: shilingi za Kenya na za Tanzania zina jina moja lakini thamani zake zimeachana mbali.

Nini kiandikwe

Kadi ina kazi ya kujibu maswali machache: nani anaoa na nani anaolewa, wazazi wao ni kina nani, ni siku gani, saa ngapi, ibada ni wapi, karamu ni wapi, na aulizwe nani. Mengine ni mapambo. Mashairi marefu, aya za vitabu na picha za maarusi hula nafasi, na picha hasa ndiyo inayoifanya kazi ya wino mmoja kuwa kazi ya rangi zote.

Lugha ichaguliwe kwa kuzingatia msomaji. Wakazi wengi wa Muhuru Bay huzungumza Kiluo, na wengine asili yao ni Wasuba ambao lugha yao imemezwa kwa kiasi kikubwa na Kiluo. Kadi nyingi, hata hivyo, huandikwa kwa Kiingereza ambacho bibi wa bwana arusi hawezi kukisoma. Kiswahili kinafaa pande zote mbili za mpaka. Mathalani: "Familia ya Mzee na Mama Fulani wa Muhuru Bay wanayo furaha kukualika wewe na jamaa yako katika harusi ya binti yao." Sentensi hiyo inatosha. Neno 'arusi' na neno 'harusi' yote yamo kamusini. Kadi moja tu isiyatumie yote mawili. Zile herufi RSVP zimetoka katika Kifaransa na maana yake ni 'tafadhali jibu', nasi tuna maneno hayo hayo kwa Kiswahili.

Saa ndiyo mtego mkubwa. Anayetafsiri kadi kutoka Kiingereza huona 10.00 akaandika saa kumi, na wageni wakafika alasiri karamu ikiwa imekwisha. Iandikwe kwa maneno, 'saa nne asubuhi'. Saa za Kenya na za Tanzania ni zile zile, kwa hivyo hakuna haja ya kueleza zaidi. Mahali nako kuelezwe kwa alama ambazo mgeni ataziona: ufuo, shule, kanisa, kituo cha bodaboda.

Kutengeneza

Kadi inayotoshea mfukoni ni ya ukubwa wa A6, yaani milimita 105 kwa 148. Karatasi moja ya A4 hutoa nne. Kadi 70 zisizokunjwa, basi, ni karatasi 18 tu. Anayetaka kadi ya kukunja atakata A4 mara mbili, na atahitaji karatasi 35. Karatasi ya kawaida ya fotokopi, ya gramu 80, ni laini mno na hujikunja ikishikwa na unyevu wa ziwani; manila ya gramu 160 hadi 200 husimama wima, na printa nyingi ndogo huweza kuimeza.

Njia iliyo nafuu kuliko zote ni kuchapa kwa wino mweusi juu ya manila ya rangi, iwe krimu, samawati hafifu au waridi. Rangi imo tayari katika karatasi, na kila kitu kinachochapwa ni cheusi. Kadi ya namna hiyo, ikipangwa kwa utulivu na kuachiwa nafasi tupu pembeni, hupendeza kuliko ile iliyojazwa maua ya kompyuta. Herufi za kujipinda zitumike kwa majina ya maarusi pekee, na maelezo mengine yawe kwa herufi za kawaida zisizopungua ukubwa wa pointi 11. Rangi ya dhahabu juu ya karatasi nyeupe haisomeki kwenye taa ya kibatari.

Kwa wanaoishi kando ya maji lipo jambo ambalo wachapaji wa mjini hawalisemi. Printa zinazotumia wino wa majimaji hutoa maandishi ambayo mara nyingi huvuja yakilowa. Zile za leza, zinazotumia unga wa tona, hustahimili matone. Kadi itakayovuka kwa mashua ichapwe kwa leza, kisha ifungwe vyema isiingie maji.

Kazi ya kupanga kadi huweza kufanywa katika saiba yoyote, au kwa simu. Ikiisha ihifadhiwe kama PDF, kwa kuwa faili ya kawaida ya maandishi ikifunguliwa kwenye kompyuta nyingine hubadilisha herufi na kusukuma mistari. Kabla ya kukunja manila, pitisha mgongo wa kisu kando ya rula ya chuma ili kuacha mfuo. Bila mfuo karatasi hupasuka kwenye kunjo. Majina ya wageni yaandikwe kwa mkono na mtu mwenye mwandiko mzuri. Kila shule ina mwalimu wa namna hiyo.

Nani aende hadi Migori au Kisumu, basi? Anayehitaji kadi mia kadhaa au zaidi, kwa sababu bei ya kila kadi hushuka idadi inapopanda. Nairobi, katika mtaa wa River Road, bei huweza kuwa chini zaidi, ila nauli na usafirishaji vihesabiwe, na prufu isomwe kabla ya malipo ya mwisho.

Kuhusu prufu, aliyeandika kadi asiwe msomaji wake wa mwisho, maana jicho lake huona alichokusudia. Apewe mtu wa tatu, asome kwa sauti, na akague mambo manne tu: tahajia ya majina kama yalivyo katika vitambulisho, siku na tarehe kulinganishwa na kalenda, saa, na nambari ya simu kwa kuipiga papo hapo.

Kusambaza

Tangu M-Pesa ilipoanza mnamo 2007, nambari ya kutumia mchango imekuwa sehemu ya kadi. Iambatane na jina litakalojitokeza mtu anapotuma, ili matapeli wasibadilishe nambari njiani. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa kadi za WhatsApp, ambazo hazina gharama ya karatasi lakini hupita mikononi mwa watu wasiojulikana. Kadi ya simu iwe ya siku, saa na mahali. Nambari ya mchango itumwe kando kwa wanakamati na wanaohusika.

Walio mbali watumiwe ya simu, na karatasi ziwafikie wazee, wakwe, makasisi na wachungaji, waajiri, na wale ambao kutopewa kwao kutazua maneno. Wazee wa boma hawaalikwi kwa kadi pekee. Mtu wa familia huenda kuwaambia kwa mdomo, kadi ikifuata kama ukumbusho. Kwa wavuvi, tangazo kupitia viongozi wa kamati ya ufuo, asubuhi mashua zinaporudi, huwafikia wengi kwa mara moja. Walio visiwani, Migingo wakiwemo, wapelekewe kwa mashua majuma matatu kabla ya siku yenyewe, na wa Rorya mapema zaidi ili wapate muda wa kushughulikia hati za kuvukia mpaka.