Ilimu ya Sikio: Mafundi wa Magari wa Kibera na Kawangware

Ufundi wa kuitambua ila ya injini kwa kuisikiliza, ambao mtu apitaye gereji za uwanjani za Kibera na Kawangware hakosi kuushuhudia, una nasaba yake, na nasaba hiyo yaanzia kwenye reli. Reli ya Uganda ilipofika Nairobi mwaka wa 1899 pakajengwa karakana, ambamo mafundi wa Kihindi walikereza vyuma na kutengeneza mitambo, na Waafrika walioajiriwa kuwasaidia wakajifunza kwa kutazama. Magari ya petroli yalipoenea, gereji zikafunguliwa mjini, hasa upande wa Barabara ya Grogan, ambayo sasa huitwa Kirinyaga na ambayo hata leo ni mashuhuri kwa biashara ya spea.

Kibera ilikuwa na mlango wake yenyewe. Ardhi yake, iliyotangazwa rasmi mwaka wa 1918 kuwa hifadhi ya jeshi yenye ekari 4,197, ilikaliwa na askari Wanubi wa King's African Rifles na jamaa zao. Na jeshi ndilo, katika Vita vya Pili vya Dunia, lililowafundisha Waafrika wengi kuendesha malori na kuyatengeneza njiani, mahali pasipokuwa na karakana wala duka. Kadhalika, si mbali na Kawangware, palikuwa na chuo cha ufundi cha Kabete, kilichoanzishwa mwaka wa 1924. Lakini walio wengi, kwa kadiri nionavyo, hawakupita chuoni: walikaa chini ya fundi, wakaosha vyuma kwa petroli, wakashika spana walipoambiwa washike, na sikio lao likazoea miaka kadhaa kabla ya ulimi wao kuruhusiwa kutoa hukumu.

Kisha yakaja magari yaliyoukuza ufundi huo. Peugeot 404, iliyoshinda Safari Rally mwaka wa 1963 na tena mara tatu mfululizo tangu 1966 hata 1968, na 504, iliyoshinda 1975 na 1978, zilipata heshima kubwa nchini, na pikapu zake zikabeba mboga, saruji na abiria, khasa baada ya Mzee Jomo Kenyatta kuyaruhusu matatu kufanya kazi bila leseni maalumu mwaka wa 1973. Injini zake zilikuwa na hisani kwa fundi asiye na mashine, kwa kuwa silinda zake ni slivu za kuchomoa, hata mtu akaweza kuzibadilisha pamoja na pistoni chini ya mti, juu ya turubai, bila kuipeleka injini nzima kuchongwa.

Mwenye pikapu akisema, "Fundi, injini inagonga," fundi humjibu neno moja tu: "Washa." Kisha husimama asiguse kitu, kwa maana kuna kishindo kisikikacho injini ikiwa baridi tu, nayo ikipata moto kikanyamaza, na hiyo aghalabu ni dalili ya pistoni iliyolegea ndani ya slivu yake, ila ambayo yaweza kuvumiliwa muda mrefu. Mlio mwembamba utokao juu ni wa tapeti, na fundi mzoefu huutenga na kishindo cha chini kwa mwendo wake, kwani kamshafti huzunguka mara moja kila krenki izungukapo mara mbili. Hapo huchukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka juu ya chuma cha injini na mpini akaukaza kwenye mfupa ulio kando ya sikio, akawa anaihamisha polepole kutoka wota pampu hata alteneta, kutoka kifuniko cha tapeti hata ubavuni karibu na sampu. Daktari Laennec wa Paris, alipokunja karatasi mwaka wa 1816 apate kusikiliza kifua cha mgonjwa, alifanya jambo la jamii hiyo hiyo. Ikibaki shaka, fundi huchomoa waya wa plagi moja baada ya moja huku injini ikiunguruma: silinda ambayo kishindo hupungua cheche yake ikatwapo, hiyo ndiyo yenye beringi ya konrodi iliyolika, kwa sababu moto usipowaka juu ya pistoni, nguvu inayoipiga beringi hupungua. Hii, bila ya shaka yoyote, ni ilimu kamili, yenye kanuni zake na majaribio yake, na yastahili kutajwa kwa adabu kama zitajwavyo ilimu nyingine.

Serikali ilikawia kuiona. Shirika la Kazi Duniani liliwasifu mafundi wa jua kali katika ripoti yake ya 1972 juu ya Kenya, na Waraka wa Serikali Namba 1 wa 1986 ukawapa nafasi katika mipango ya uchumi; lakini ardhi wanayofanyia kazi haikupata salama, kama walivyoona watu wa Kibera mwezi Julai 2018, maelfu ya nyumba zilipobomolewa kupisha barabara. Fundi wa mahali kama hapo hujizoeza kumiliki vyombo vichache, vya kutia katika sanduku moja.

Tangu magari yaliyotumika Japani yalipofurika katika miaka ya 1990, vijana wamepata vifaa vya kusoma kompyuta ya gari, navyo vina faida. Ila kifaa hicho hakitaji beringi iliyolika, na pikapu ya zamani haina hata mahali pa kukichomeka.

Hukumu ikiisha kutolewa, krenki hupelekwa kwenye mashine ya kuisaga, na beringi nene kidogo kuliko za awali zikanunuliwa Kirinyaga. Krenki husagwa hivyo mara chache tu kabla chuma chake hakijawa chembamba mno, na fundi aifunguaye hutazama mgongoni mwa beringi, palipopigwa muhuri wa saizi yake, akajua mara moja imesagwa kiasi gani na imebakiza kiasi gani.