Kanga na Daftari: Nani Aliyemtambua Mtu Huru Unguja?

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitia saini amri ya kufuta hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Amri yenyewe ilijaa masharti. Mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, bwana alilipwa fidia, na masuria hawakuingizwa hadi 1909. Aliyefaulu alitoka na karatasi. Mtaani, hata hivyo, watu hawasomeani karatasi. Walimjua kuwa ni wa nyumba ya fulani, na hivyo ndivyo walivyoendelea kumjua. Makala haya yanadai kwamba uhuru huo ulibakiwa na kazi ya pili, ngumu kuliko ile ya mahakamani, na kwamba mtu hakuweza kuifanya peke yake. Ilihitaji wa kumkubali.

Kwamba nafsi hutengenezwa kati ya watu si dai jipya. Charles Horton Cooley alilieleza mwaka 1902 kwa mfano wa kioo: mtu hujiona kwa namna anavyodhani wenzake wanamwona. George Herbert Mead akaonyesha jinsi mtoto anavyoipata nafsi kwa kushika nafasi za wengine mchezoni. Anayenukuliwa zaidi leo ni Erving Goffman, ambaye kati ya 1949 na 1951 alifanya utafiti katika kisiwa cha Unst, Shetland, akawatazama wahudumu wa hoteli waliokuwa na mwenendo mmoja jikoni na mwingine mbele ya wageni. Kitabu chake, kilichotoka Edinburgh mwaka 1956, kinayatazama maisha ya kila siku kama tamthiliya: kuna jukwaani, kuna nyuma ya pazia, na kila mmoja anajitahidi kuiongoza picha ambayo watazamaji wanaondoka nayo.

Mfano huo una nguvu, na wanafunzi wetu wameupenda kupita kiasi. Tatizo lake ni kwamba unachukulia kuwa mchezaji amekwisha kuruhusiwa kucheza. Mhudumu wa Unst akikosea, ataona haya tu; hakuna atakayehoji kama yeye ni mtu wa kutazamwa au la. Unguja baada ya 1897 hilo ndilo lililobishaniwa.

Mabishano hayo yaliendeshwa kwa nguo kuliko kwa maneno. Mwanahistoria Laura Fair, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2001, ameyafuatilia kwa kina. Zamani mwanamke mtumwa alijulikana kwa merikani, kitambaa kigumu cha pamba kisichopaushwa kilicholetwa kwa meli kutoka Salem, Massachusetts, au kwa kaniki, kitambaa hicho hicho kikiwa kimechovywa nili. Mbele ya mabibi zao, wanawake watumwa hawakutakiwa kujifunika kichwa. Wanawake wa tabaka la juu la Kiarabu walivaa suruali zenye marinda na barakoa usoni. Katikati ya mavazi hayo mawili hapakuwa na vazi la mtu aliyekuwa ametoka huku bila kufika kule. Kanga, iliyoenea pwani katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, ilikuja wakati pengo hilo linatafutiwa nguo. Walioitaka zaidi walikuwa wanawake wa Ng'ambo, ng'ambo ya hori lililoutenga Mji Mkongwe na makazi ya maskini na ya walioachwa huru.

Msomi mwenye haraka atasema walikuwa wakiiga mabwana. Sikubaliani naye. Kanga haikuwa nguo ya bibi wala ya mjakazi, na kwa sababu hiyo aliyeivaa hakuweza kushtakiwa kwamba amevaa kisicho chake. Buibui, lililoenea baadaye kidogo, lilifanya kazi tofauti: lilizifunika tofauti ambazo macho yalizoea kuzisaka. Vazi moja lilikuwa la kuonyesha na la pili la kuficha, na wanawake wengi waliyatumia yote mawili kwa wakati wake.

Tuitazame kanga kwa karibu. Huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili. Kila kipande kina pindo pande zote, mji katikati, na jina chini ya mji. Jina hapo mwanzo liliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye za Kirumi. Kanga za Kaderdina Hajee Essak, aliyeanzisha biashara yake Mombasa mwaka 1887, hutambulika hadi leo kwa alama ya Mali ya Abdulla. Sasa mke mwenza apite barazani na jina kali mgongoni. Hajasema kitu. Akiulizwa, atajibu kwamba aliipenda rangi, na muuza duka atakuwa shahidi. Anayekasirika ndiye anayekiri kwamba maneno yamemfikia. Hapa maana haiongozwi na mvaaji, kama Goffman angependa iwe. Inakamilishwa na mtazamaji, kwa gharama yake mwenyewe. Na mvaaji anaitegemea kazi hiyo ya mwenzake, bila hiyo amevaa nguo tu.

Maisha ya Siti binti Saad yanaonyesha hayo kwa kipimo kikubwa zaidi. Alizaliwa Fumba mnamo 1880 katika familia yenye asili ya utumwa, akaitwa Mtumwa, akauza vyungu mjini kabla ya kuhamia huko na kuwa mwimbaji wa taarabu. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri. Wapinzani wake walimtungia kijembe ambacho bado kinakumbukwa: walimkumbusha kaniki aliyoingia nayo mjini, wakauliza utu huo wa sasa ameupata lini. Kijembe hicho hakikuikana sauti yake; kiliuliza tu angekula nini kama si hiyo. Kiliwaendea wasikilizaji, kikawaomba waikumbuke nguo ya zamani. Katika kitabu chake cha 1963 kuhusu waliotiwa doa, Goffman anaeleza kwa undani jinsi mtu anavyozisimamia habari za maisha yake ya nyuma ili zisimharibie. Siti hakuzificha. Alijibu kwamba uzuri na nasaba havimfai kitu asiye na akili, yaani alikibadilisha kipimo chenyewe, na hadhira ikamfuata. Ukweli ni kwamba ingeweza kukataa.

Hadhira ya pili haikuwa na masikio ya namna hiyo. Maofisa wa sensa walikuja na madaftari mwaka 1924, tena 1931, tena 1948, na kila mara watu walijibu tofauti. Waliojiandikisha Waswahili walipungua mno kati ya sensa ya kwanza na ya pili, na jina la Mshirazi likazidi kupata wenyewe. Wakoloni wengine waliona huo ni ulaghai. Mimi naona ni mazungumzo yale yale ya barazani yakiendelea mbele ya msikilizaji aliyekuwa na kalamu lakini hana wa kumbishia. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mgao wa chakula ulipofuata kabila, na mchele ukapangiwa Waarabu na Wahindi, jibu la daftarini lilianza kuamua kilichopikwa. Jirani aliyekubali mwaka huu anaweza kushawishiwa upya mwakani. Kisanduku cha fomu hakishawishiki. Sidhani kwamba siasa za miaka ya 1950 zinaeleweka bila kuitazama njia hii, ambamo majina yaliyokuwa yakibishaniwa kwa kejeli na mavazi yalihamia kwenye orodha za wapiga kura.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 kulikuwa na waliohama kwa sababu waliitwa Waarabu. Sultani Qaboos alipotwaa madaraka Oman mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi, wengi walikwenda Muscat, wakapewa uraia na kazi, kwa kuwa elimu na Kiingereza walichosomea Unguja vilikuwa adimu huko. Serikali iliwatambua upesi. Majirani waliwaita Wazanzibari. Nyumbani walizungumza Kiswahili, Kiarabu chao kilikuwa na lafudhi, na walipokaa na wenyeji waliulizwa swali ambalo pasi ya kusafiria haikuweza kulijibu kwa niaba yao: kabila lako ni lipi, na nani anakujua huko?