P.K. Subban: Beki wa barafuni aliyehamia runingani

Pernell-Karl Subban, maarufu kama P.K., ni beki mstaafu wa mpira wa magongo wa barafuni kutoka Kanada, na sasa ni mchambuzi wa mchezo huo katika runinga ya ESPN ya Marekani. Alicheza misimu 13 katika ligi kuu ya NHL. Miaka yote hiyo alisifiwa kwa makombora yake na kulaumiwa kwa maneno na mbwembwe zake. Leo maneno hayo ndiyo kazi yake.

Mchezo wenyewe

Kila timu huingiza wachezaji sita, kipa akiwemo, wakiteleza kwa viatu vyenye vyuma na kugombea kisahani kigumu cha raba. Mechi ina vipindi vitatu vya dakika 20. Mabeki kwa kawaida ni wawili. Subban alikuwa beki wa kupanda: alichukua kisahani nyuma, akakipeleka mbele, au akakipiga kwa nguvu kutoka mbali.

Hapa Kenya mchezo huu unafahamika zaidi Nairobi, ambako uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari ulifunguliwa mwaka 2005. Timu ya Ice Lions imetoka hapo, na mwaka 2018 wachezaji wake walialikwa Kanada wakacheza pamoja na nyota Sidney Crosby na Nathan MacKinnon.

Asili na malezi

Subban alizaliwa Toronto tarehe 13 Mei 1989. Baba yake, Karl, alihamia Kanada kutoka Jamaika akiwa mtoto na baadaye akawa mwalimu mkuu wa shule. Mama yake, Maria, anatoka kisiwa cha Montserrat. Karl alikuwa akimpeleka mwanawe usiku, baada ya kazi, kuteleza katika uwanja wa wazi wa Nathan Phillips katikati ya jiji. Wadogo zake wawili, Malcolm na Jordan, nao walikuwa wachezaji wa kulipwa.

Montreal

Klabu ya Montreal Canadiens ilimchagua mwaka 2007, akiwa wa 43 katika orodha ya vijana wa mwaka huo. Mwaka 2013 alishinda tuzo ya Norris, inayopewa beki bora wa NHL. Mwaka 2014 alikuwa katika kikosi cha Kanada kilichotwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Sochi, ingawa alichezeshwa mechi moja tu.

Sifa hizo hazikuzuia lawama. Mwaka 2010, akiwa bado chipukizi, nahodha wa Philadelphia Flyers, Mike Richards, alidai hadharani kwamba kijana huyo hawaheshimu wenzake. Mei 2014, baada ya kufunga bao la ushindi dhidi ya Boston Bruins katika muda wa nyongeza, alimiminiwa matusi ya kibaguzi mtandaoni. Ilikuwa imepita zaidi ya nusu karne tangu Willie O'Ree, mchezaji mweusi wa kwanza wa NHL, aichezee Boston hiyohiyo mwaka 1958.

Agosti 2014 alitia saini mkataba wa miaka 8 wa dola milioni 72. Mwaka uliofuata aliahidi kuchangisha dola milioni 10 kwa hospitali ya watoto ya Montreal katika muda wa miaka 7. Muda huo haukufika hata mwaka mmoja kabla klabu haijamuuza. Tarehe 29 Juni 2016 alibadilishwa na Shea Weber wa Nashville Predators, siku mbili tu kabla ya kipengele cha mkataba cha kuzuia asihamishwe kuanza kufanya kazi. Alihama mji, lakini hospitali hakuiacha.

Nashville na New Jersey

Katika msimu wake wa kwanza, Nashville ilifika fainali ya Kombe la Stanley kwa mara ya kwanza katika historia yake, ikashindwa na Pittsburgh Penguins. Huko alianzisha mpango wa kuwakutanisha vijana na maafisa wa polisi kwenye mechi. Mwaka 2019 alihamia New Jersey Devils. Mwaka 2022 alipewa tuzo ya King Clancy, ya uongozi na huduma kwa jamii. Alistaafu Septemba mwaka huo akiwa na mechi 834, mabao 115 na pasi za mabao 352.

Runingani

Alikuwa ameshaonja kazi ya studio angali mchezaji, na Novemba 2022 ESPN ikamwajiri rasmi. Huko pia hajakosa lawama: mwaka 2023 alikosolewa kwa utani kuhusu mwili wa mwanamuziki Lizzo. Januari mwaka huohuo Canadiens walimwalika tena Montreal, na mashabiki wakamshangilia kwa muda mrefu.

Wachezaji weusi bado ni wachache katika NHL, na kwa miaka mingi watu weusi kama Subban walisikia tu yale ambayo wengine waliwasema studioni. Sasa yeye ni miongoni mwa wanaoamua nani asifiwe, nani akosolewe, na kwa kosa gani.