Mwalimu wa Gachoka: miaka 34 ya Jeremiah Nyagah

Mwaka 1957, mtu wa Embu au Meru aliyetaka kupiga kura alitakiwa kuthibitisha mambo mawili. Kwanza, kwamba alistahili kwa elimu, mali au utumishi wake. Pili, kwamba hakuwa Mau Mau. Hilo la pili lilikuwa na karatasi yake, cheti cha uaminifu, kilichodaiwa kwa Wakikuyu, Waembu na Wameru peke yao. Asiyekuwa nacho alibaki nje. Aliyekuwa nacho na akatimiza sifa nyingine aliweza kuondoka kituoni akiwa amepiga hadi kura tatu.

Wameru walipata vyeti hivyo kwa urahisi kuliko Wakikuyu, na matokeo yakaonyesha. Mwalimu Bernard Mate wa upande wa Meru alimwangusha Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuketi katika Baraza la Kutunga Sheria, aliyekuwamo tangu 1944. Mwaka uliofuata katiba ya Lennox-Boyd iliongeza viti vya Waafrika kutoka 8 hadi 14. Kiti cha Nyeri na Embu kikachukuliwa na mwalimu mwingine, Jeremiah Joseph Mwaniki Nyagah, mwenye umri wa miaka 37. Nyagah hakutoka bungeni mpaka mwaka 1992, na alipotoka alitoka kwa miguu yake mwenyewe.

Wanasiasa waliodumu tumewaona wengi, na maswali tunayozoea kuwauliza ni mawili: walishinda vipi, na walijipatia nini. Kwa Nyagah swali lenye faida zaidi ni la tatu. Mtu anawezaje kukaa miaka 34 katika siasa ya Mlima Kenya, chini ya gavana wa kikoloni, kisha Kenyatta, kisha Moi, asiwe mfalme wala mhanga?

Jibu linaanzia darasani. Nyagah alizaliwa Embu tarehe 24 Novemba 1920, akapita Alliance na Makerere, kisha Oxford, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kufundisha na kusimamia elimu. Enzi hizo mwalimu ndiye aliyewasomea wazee barua za serikali, na watoto wa tarafa nzima walipita mikononi mwake. Alipoomba kura hakuhitaji kujitambulisha. Hata ukubwani hakuacha kuwalea vijana: aliongoza Maskauti wa Kenya, na chama chao cha dunia kikamtunuku nishani yake ya juu, Bronze Wolf.

Uhuru ulipokaribia, ramani nayo ilibadilika. Tume ya mipaka ya majimbo iliwatoa Wameru na Waembu katika Jimbo la Kati, wakaunganishwa na Ukambani, Isiolo na Marsabit kuwa Mashariki. Kirinyaga ilikatwa kutoka Embu ikabaki Kati. Mji mdogo wa Embu ukawa makao makuu ya mkoa uliofika hadi mpaka wa Ethiopia. Wakazi wa miteremko hii wakawa ndugu wa Wakikuyu kwa lugha na kahawa, lakini majirani wa mbali kwa utawala. Gema, chama cha Wakikuyu, Waembu na Wameru kilichoanzishwa 1971, kilijaribu kuishona tena nguo ambayo mkasi wa 1963 ulikuwa umeikata.

Katika mkoa huo mpya walisimama wazee wawili wa serikali ya Kenyatta. Wa Meru alikuwa Jackson Harvester Angaine, mtoto wa chifu, mfungwa wa enzi ya hali ya hatari, na Waziri wa Ardhi na Makazi tangu 1963. Mashamba ya walowezi yalipogawanywa, wizara yake ndiyo iliyoshika kalamu, na watu wakamwita Mfalme wa Meru. Wa Embu alikuwa Nyagah, mbunge wa Embu Kusini, eneo lililokuja kuitwa Gachoka. Mmoja alishika ardhi, mwingine akapewa kilichoota juu yake.

Kwanza, lakini, Nyagah alirudishwa shuleni. Akiwa Waziri wa Elimu kati ya 1966 na 1968, alisimamia kuanza kwa Tume ya Kuwaajiri Walimu mwaka 1967. Kabla yake, mwalimu wa shule ya misheni na wa shule ya halmashauri walikuwa na waajiri mbalimbali, na mshahara ulifika kwa kadiri ya mfuko wa mwajiri. Tume ikawaweka wote chini ya mwajiri mmoja.

Kisha ikaja Wizara ya Kilimo, aliyoishika karibu miaka yote ya 1970. Kahawa ilikuwa na historia ya pekee katika nchi hii: Wameru na Waembu walikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza Kenya kuruhusiwa kuipanda, mwanzoni mwa miaka ya 1930, wakati Wakikuyu wa karibu na mashamba ya Wazungu walikatazwa. Kwa hiyo mkulima wa Manyatta au wa Imenti alikuwa na mibuni ya baba yake wakati jalidi ilipoua mashamba ya Paraná, Brazil, Julai 1975. Bei ya dunia ikaruka. Mwaka 1976 na 1977 kina mama walimwaga matunda mekundu juu ya magunia uwanjani kiwandani, wakachagua na kutoa mabichi, wakapanga foleni ya mizani, karani akawaandikia kilo kwenye risiti. Na malipo yalipokuja, nyumba nyingi zilivua nyasi zikavaa mabati. Hakuna waziri aliyeileta jalidi ile, lakini waziri aliyekuwapo ndiye aliyeshukuriwa.

Nyumbani kwake Gachoka, hata hivyo, kahawa ilikuwa chache. Gachoka iko Mbeere, nchi kavu ya mbuzi, mtama na nyuki. Hapo ndipo udhaifu wa utumishi mrefu unapoonekana. Miaka hiyohiyo Mto Tana ulizuiwa bwawa baada ya bwawa: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Nyaya za stima zilipita juu ya vichwa vya watu kwenda Nairobi, na chini yake jioni iliwashwa koroboi. Wakati huohuo wapima mashamba walifika na hati miliki, kazi ya wizara ya Angaine, na koo zikasimama mbele ya kamati, kila muviriga, yaani ukoo, ukikumbushia babu yao alilisha wapi na mzinga wake ulining'inia mti gani. Ugomvi mwingine wa siku zile haujafungwa hadi leo. Nyagah alikuwa waziri muda wote huo. Kura alizopewa zilikuwa za heshima, na heshima haikuwasha taa.

Wazee hawa wawili walitengana kwenye kivuko cha 1978. Angaine alikuwa miongoni mwa waliotaka katiba ibadilishwe mwaka 1976 ili makamu wa rais, Moi, asirithi kiti moja kwa moja. Kenyatta alifariki, Moi akarithi, na uchaguzi wa 1979 ukamwondoa Mfalme wa Meru. Alirudi bungeni miaka ya 1980, lakini si kwa ukubwa ule. Nyagah, ambaye hakuwahi kuitwa mfalme wa yeyote, alipewa wizara na Moi pia. Alipita hata mlolongo wa 1988, wapiga kura walipojipanga nyuma ya picha za wagombea na jirani akaona jirani amesimama wapi.

Mwaka 1992 vyama vingi viliporudi, hakugombea. Mwanawe Norman alikichukua kiti kwa tiketi ya Democratic Party, chama cha upinzani, kisha akahamia Kamukunji. Mwaka 1997 mwana mwingine, Joseph, akaingia Gachoka. Mwana wa tatu, Nahashon, akaja kuwa Gavana wa Benki Kuu. Walionung'unika kwamba kiti kimegeuka shamba la urithi hawakukosa hoja. Lakini urithi ulikuwa na mpaka: mwaka 2007 Joseph alifuata ODM ya Raila Odinga huku mlima mzima ukimfuata Mwai Kibaki, na Gachoka ikaenda kwa Mchungaji Mutava Musyimi. Jina la Nyagah halikutosha tena.

Mzee alifariki tarehe 10 Aprili 2008, nchi ikiwa bado na majeraha ya uchaguzi ule. Siku tatu baadaye baraza la serikali ya mseto lilitangazwa, na Joseph, kwa kiti cha kuteuliwa, akawa Waziri wa Ushirika, msimamizi wa vyama vya kahawa ambavyo baba yake aliviona vikitajirika. Mwaka 1957 serikali ndiyo iliyoamua nani wa Embu anafaa kupiga kura. Miaka 50 baadaye watu wa Gachoka waliweza kumnyima kura mtoto wa mwalimu wao, na hakuna aliyewadai cheti cha uaminifu.