Nyota ya Asubuhi: Nyumba ya Wanaume Wasio na Makao

Walejio mnawafahamu. Kila juma mnawaona wakitembelea wagonjwa na kusali Rozari. Lakini ni wachache wanaojua kwamba katika mji ilimozaliwa Lejio ya Maria, yaani Dublin katika nchi ya Irlandi, moja ya kazi zake za kwanza ilikuwa kuwapa kitanda wanaume wasio na makao, na wengi wao walikuwa walevi.

Tuanze na mlevi mmoja wa mji ule, Matt Talbot. Alizaliwa mwaka 1856 katika jamaa ya watoto wengi na feza kidogo. Tangu ujana mshahara wake uliishia katika pombe. Siku moja ya mwaka 1884, akiwa hana kazi wala senti, alisimama njiani akingoja rafiki zake wamkaribishe kunywa, maana yeye alikuwa amewanywesha mara nyingi. Wote wakampita. Akaenda kwa padri, akaahidi kutokunywa kwa miezi mitatu. Kumbe aliishika ahadi ile mpaka tarehe 7 Juni 1925, alipoanguka njiani akienda Misa, akafa.

Lakini mchana, kazini, haukuwa mgumu kama jioni. Rafiki wako penye pombe. Yeye aende wapi? Basi aliingia kanisani, akakaa humo. Tena Matt alikuwa na mama yake na mahali pa kulala. Je, asiye na mama wala kitanda? Anatoka hospitalini au gerezani na akili timamu, na jua likizama yuko tena mlangoni pa pombe, kwa sababu hakuna mlango mwingine ulio wazi. Hata kwetu penye lutuku hapakosi kiti kwa mgeni.

Jambo hilo Frank Duff alilijua vizuri. Hakuwa padri, alikuwa karani wa serikali, na katika Shirika la Mtakatifu Vinsenti wa Paulo alizoea kuingia vyumba vya maskini. Mwaka 1921 yeye na wenzake walianzisha Lejio. Mwaka 1922 walifungua nyumba ya wanawake waliotaka kuacha umalaya, na mwaka 1927 nyumba ya wanaume. Wakaiita Nyota ya Asubuhi, jina tunalomwitia Bikira Maria katika litania.

Mahali penyewe palikuwa na historia ya uchungu. Majengo yale yalikuwa ya nyumba kubwa ya maskini, iliyofunguliwa mwaka 1840 kwa sheria ya Waingereza. Mwenye njaa aliyeingia humo alitengwa na mke wake, na watoto wakapelekwa upande mwingine. Watu waliiogopa sana. Baadaye wakakaa askari, na mwaka 1923, wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe, wakafungwa humo wanawake. Kuta zile zile sasa zilitakiwa kuwa nyumbani kwa mtu.

Zilipataje kuwa hivyo? Mimi naona mambo mawili. La kwanza, mgeni aliombwa alipe kidogo kadiri ya uwezo wake. Wengine watasema ni ukali kumdai maskini. Sivyo. Anayelipa, hata kidogo sana, kitanda ni chake usiku ule; hakuomba. La pili, Walejio wengine walihamia humo, wakaishi na wanaume wale bila mshahara, wakiwahudumia kama Kristu mwenyewe. Mlinzi wa mshahara huenda kwake jioni, na jioni ndiyo saa ya hatari.

Sisemi kwamba kila aliyeingia aliacha pombe. Mlevi huanguka, tena huanguka mara nyingi. Lakini Duff hakukubali kwamba yuko mtu asiyefaa tena kutafutwa.

Mwaka 1965 Papa Paulo VI alimwita Roma kwenye Mtaguso, naye akaenda. Kisha akarudi Dublin, kwenye nyumba yake iliyokuwa jirani na wanaume wale, na akakaa hapo mpaka kufa kwake mwaka 1980.